Kamera ya mkanda, betri ya zebaki na buti la mtoto

SEHEMU YA 1

Nimewazoesha posti za chanjo, uji wa lishe na homa za watoto. Leo naleta habari ya kamera ya zamani, ile ya mkanda. Usipite haraka ukadhani muuguzi wenu amehamia biashara nyingine. Tutatembea kidogo, tutafika Zanzibar na hata Japani, lakini tutarudi hapahapa Tlawi, kwenye sakafu ya nyumba yangu, nikiwa nimepiga magoti natafuta kitu kidogo kuliko kifungo cha koti.

Mimi nina picha moja tu ya utotoni. Nimebebwa mgongoni na mama, nimefunikwa shuka hadi kichwani kwa sababu ya baridi yetu ya Mbulu, na nyuma yetu Ziwa Tlawi linaonekana kama mstari mweupe. Picha hiyo aliipiga mjomba wangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga watu picha kwa malipo kidogo. Kamera yake aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao.

Ninyi mliozaliwa na simu mkononi, ngoja niwaeleze ilivyokuwa. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36. Mjomba hakuwa na haraka ya kuumaliza, maana mkanda ni hela. Ukipigwa picha mwezi wa tatu, inawezekana mkanda ukaisha mwezi wa sita, halafu usubiri mtu anayekwenda Arusha aupeleke kusafishwa, halafu usubiri arudi. Watu waliazima koti, waliazima viatu, wakasimama wima kama wako gwaride, kisha wakakaa miezi minne wakijiuliza kama walifumba macho.

Kabla yangu mama alizaa binti. Naye alipigwa picha, moja, akiwa na miezi minane. Mkanda ule ulikuwa haujaisha mtu mmoja alipoufungua mlango wa kamera kwa udadisi, akitaka kuona picha zimekaaje mle ndani. Mwanga ukaingia, na mwanga ukigusa mkanda ambao haujasafishwa, picha zinaungua. Mjomba akasema basi, tutampiga tena Krismasi. Surua ikamchukua dada yangu kabla ya Krismasi. Mama ana zaidi ya miaka sabini sasa, na bado akikaa na wajukuu husema, "Huyu pua yake ni ya dada yenu." Hakuna wa kumbishia wala wa kuthibitisha, maana sura ile anayo yeye peke yake kichwani.

Ndiyo maana nikapata hii hamu. Nina picha zaidi ya elfu tatu za wanangu kwenye simu na hakuna hata moja iliyo kwenye karatasi. Simu ya kwanza iliibiwa mnadani, ya pili iliingia maji. Nikasema natafuta kamera kama ya mjomba, napiga mikanda miwili mitatu kwa mwaka, nasafisha, naweka albamu. Rahisi, au siyo?

SEHEMU YA 2

Kidogo historia, kwa sababu wengi mnadhani picha huku kwetu zililetwa na simu.

Huko Zanzibar, studio za picha zilikuwapo tangu miaka ya 1800. Mji Mkongwe kuna Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Familia ziliingia pale zikiwa zimevaa vizuri, zikakaa mbele ya pazia. Mpiga picha alikuwa fundi, kama fundi cherehani. Kamera ilikuwa yake, ujuzi ulikuwa wake, wewe ulileta sura tu.

Kilichobadilisha mambo duniani ni kamera ndogo. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa Brownie, kiboksi cha bei ya dola moja, ili hata mtoto aweze kupiga. Haikuwa na betri. Miaka sitini baadaye Wajapani ndio waliokuwa wanatawala: Canon, Olympus, Yashica, Konica, Minolta. Walitengeneza kamera za kuingia kwenye mkoba wa mama, zenye lenzi nzuri, ambazo zilipima mwanga zenyewe. Olympus Trip 35 ilianza 1967 na ikatengenezwa hadi 1984. Yashica Electro 35 ilitoka 1966. Canonet QL17 GIII, ambayo ndiyo hasa aliyokuwa nayo mjomba, ilitoka 1972.

Hapo kwenye "kupima mwanga zenyewe" ndipo hadithi yetu inapoanzia. Kamera inahitaji kujua jua ni kali kiasi gani ili ifungue tundu la lenzi kwa kadiri inayofaa. Trip 35 ilikuwa na kioo chenye vinundu kuzunguka lenzi, chini yake kuna madini yanayoitwa seleniamu. Mwanga ukiyapiga yanatoa umeme kidogo yenyewe. Hiyo haikutaka betri, na haitaki mpaka leo. Lakini Canonet na nyingi nyingine zilitumia kipimamwanga kinachohitaji betri ndogo ya duara, mfano wa kidonge kinene. Tuikumbuke hiyo betri.

Kabla sijaenda huko, jambo moja linaniuma nalo nitalisema. Ukiangalia picha za rangi za wazazi wetu unaona meno na macho tu, uso umekuwa giza. Tumezoea kucheka tukisema "kamera ya zamani". Siyo kamera peke yake. Mitambo ya kusafishia picha ilikuwa inasawazishwa rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Mafundi waliiita kadi ya Shirley. Rangi ikikaa sawa kwenye ngozi yake, basi mtambo uko tayari. Ngozi ya mama yangu haikuwa kwenye hesabu hiyo. Mikanda ilikuja kuboreshwa baadaye, ikaanza kuonyesha vizuri rangi za kahawia, na inasemwa sana kuwa watengeneza chokoleti na samani za mbao walilalamika. Fikiria. Chokoleti ilisikilizwa.

SEHEMU YA 3

Sasa betri.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Mmarekani Samuel Ruben alibuni betri ndogo ya zebaki kwa ajili ya vifaa vya jeshi. Zebaki mnaijua, ni ule mng'aro unaopanda kwenye kipimajoto cha zamani. Betri yake ilikuwa na sifa nzuri mno: ilitoa volti 1.35 na ikabaki palepale, siku ya kwanza na siku ya mwisho, mpaka inakata ghafla. Kwa kipimamwanga hilo ni jambo kubwa, kwa sababu umeme usioyumba ndio unaotoa kipimo kisichoyumba. Kwa hiyo watengeneza kamera wakaipenda. Iliyoenea zaidi iliitwa PX625. Theluthi moja au zaidi ya uzito wa betri za aina hiyo ilikuwa ni zebaki.

Na hapo twende Minamata, mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Nasema mapema ili nisieleweke vibaya: sumu ya Minamata haikutoka kwenye betri. Ilitoka kwenye kiwanda cha kemikali cha Chisso, kilichomwaga maji machafu yenye zebaki baharini tangu 1932 hadi 1968. Zebaki ile iliingia kwenye samaki, na samaki ndiyo ilikuwa mboga ya kila siku. Paka ndio walioanza: walitetemeka, wakazunguka kama wanacheza ngoma, wakafa. Mwezi wa nne 1956 waliletwa hospitalini watoto wawili wa tumbo moja, mkubwa wa miaka mitano, mdogo hajafikisha mitatu. Hawakuweza kutembea vizuri wala kuzungumza vizuri. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa ukaripotiwa rasmi.

Mwanzo ulidhaniwa ni wa kuambukiza. Nyumba za wagonjwa zikanyunyiziwa dawa, majirani wakawakimbia. Mnaufahamu unyanyapaa huo, sihitaji kuueleza. Mwaka 1959 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kumamoto wakasema ni zebaki. Mwaka huohuo daktari wa hospitali ya kiwanda chenyewe, Hajime Hosokawa, alimpa paka maji machafu ya kiwanda na paka akaugua vilevile. Kampuni haikutaka matokeo hayo yatoke nje. Umwagaji uliendelea miaka mingine tisa.

Kinachonikaa mimi kama muuguzi wa mama na mtoto ni hiki. Kulikuwa na watoto waliozaliwa na mtindio wa ubongo ambao hawakuwahi kula samaki hata mmoja. Mama zao walionekana wazima, au walikuwa na ganzi kidogo tu vidoleni. Enzi hizo vitabu vya tiba vilifundisha kwamba kondo la nyuma ni ukuta, sumu haipiti kumfikia mtoto. Wale akina mama walisema kinyume chake kabla wataalamu hawajakubali. Mwaka 1962 ndipo ikathibitishwa: zebaki ilipita kwenye kondo, na mtoto tumboni aliipokea nyingi kuliko mama yake. Tangu hapo hatufundishi tena habari ya ukuta.

Na picha ilikuwa na kazi yake hapo. Mpiga picha wa Marekani W. Eugene Smith alihamia Minamata mwaka 1971 pamoja na mkewe Aileen. Mwezi Desemba mwaka huo alipiga picha ya mama akimwogesha binti yake aliyezaliwa na ugonjwa huo, amempakata ndani ya maji, anamtazama. Gazeti la Life liliitoa mwezi Juni 1972. Januari ya 1972 Smith alikuwa amepigwa vibaya na watu wa kampuni hiyo, akaumia jicho. Jina la binti sitalitaja, na nikueleze kwa nini: wazazi wake baadaye waliomba picha ipumzishwe, isichapishwe tena, na Aileen akawakubalia. Msiende kuitafuta mkanitumia.

Angalia mwaka. 1972 ndio mwaka Canonet ya mjomba ilipoingia sokoni, ikiwa na betri ya zebaki ndani. Nchi ileile, mwaka uleule.

Dunia ilichukua muda kufunga mlango. Marekani ilipiga marufuku betri hizo mwaka 1996, na Ulaya ikafuata karibu na mwaka 2000. Oktoba 2013 nchi zilikutana Kumamoto kutia saini Mkataba wa Minamata kuhusu Zebaki, na ulianza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017. Tanzania nayo imo. Huo ndio mkataba unaoondoa vipimajoto vya zebaki na vile vipimo vya presha vya mnara mrefu ambavyo wengi wenu mlipimwa navyo kliniki. Ukiona sasa tunatumia kipimajoto cha namba, siyo fasheni.

Kwa hiyo mtu anayenunua kamera ya 1972 leo ananunua kifaa kinachodai chakula ambacho hakipikwi tena popote.

SEHEMU YA 4

Hii sehemu sikutaka kuiandika. Mume wangu ndiye aliyesema iandike.

Niliipata Canonet kwa muuzaji wa vitu vya mitumba mjini Arusha, kwa shilingi laki mbili na nusu. Picha alizonitumia zilikuwa za nje tu. Ilipofika na basi la jioni nikaipokea kama nimepokea mgeni. Usiku nikakaa mezani, nikafungua kile kifuniko cha chini kwa sarafu. Ndani kulikuwa na betri ya zamani, ina ukoko wa kijani, ina maandishi ya PX625. Nikaitoa kwa kijiti, nikaiweka kwenye kisosi. Simu ikaita, kuna mama uchungu umeanza, nikatoka nje kusikiliza kwa sababu mtandao wetu mnaujua. Dakika tano, labda sita.

Niliporudi kisosi kilikuwa sakafuni. Mwanangu wa mwisho, miaka miwili na miezi mitatu, alikuwa amesimama pale ananiangalia. Betri haipo.

Nimefanya kazi hii miaka kumi na minne. Nimewafundisha mamia ya akina mama wasiweke vitu vidogo karibu na mtoto. Nilipiga magoti nikamfungua mdomo, nikaona meno tu. Nikainua mkeka. Nikakung'uta nguo zake. Haipo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nakuleta. Betri ya duara ikimezwa haiui kwa kukaba peke yake. Ikikwama kwenye umio, ute wa mwili unafunga mzunguko wa umeme, na upande mmoja wa betri inatengenezwa kemikali kali mfano wa magadi ya kufulia ya kiwandani. Inaunguza nyama. Ndani ya saa mbili inaweza kuwa imechimba jeraha kubwa. Zinazotisha zaidi ni zile bapa za volti 3, upana kama sarafu, CR2032, zilizo kwenye rimoti za gari, mizani ya jikoni na taa za mapambo. Na betri "iliyokufa" bado ina umeme wa kutosha kumuumiza mtoto. Ya zamani kama yangu ina la ziada, ganda limeshalika na ndani kuna zebaki.

Mtoto anaweza asilie. Anaweza kutokwa na udenda, kukataa chakula, kukohoa, kushika kifua, au asionyeshe kitu kabisa. Usisubiri dalili. Usimtapishe. Usimpe mkate wala ugali "uisukume". Kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja, anayeweza kumeza, wataalamu wa sumu wa Marekani wanashauri asali: vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi, isizidi mara sita, MKIWA NJIANI kwenda hospitali yenye eksirei. Asali inapaka na kupunguza kuungua, haitibu, na haibadili safari kuwa ya kesho. Mtoto chini ya mwaka mmoja hapewi asali kabisa. Na ikiwa imeingia puani au sikioni, usimwagie dawa ya matone wala mafuta, ni kukimbia vilevile.

Tulikuwa na asali ya nyuki wadogo kabatini. Mume wangu aliendesha pikipiki, mimi nyuma na mtoto katikati, chupa ya asali ndani ya koti, ukungu umeshuka hatuoni mita kumi mbele. Mtoto alifurahia. Kila nikimpa kijiko anauliza kama kipo kingine.

Eksirei ilitoka safi. Shingo, kifua, tumbo, hakuna kitu. Daktari alitueleza kwamba kwenye picha betri huonekana kama duara lenye duara jingine ndani yake, sarafu haiko hivyo. Nilimwomba aangalie tena, akaangalia tena bila kukasirika. Mungu ambariki.

Betri tuliikuta asubuhi ndani ya buti lake la mvua. Alikuwa ameihifadhi.

SEHEMU YA 5

Mliosoma mpaka hapa najua mtauliza: kwa hiyo tusinunue? Mimi kamera sikuitupa. Lakini sasa najua kununua.

Swali la kwanza kwa muuzaji siyo bei, ni "inatumia betri gani, na mle ndani ya chumba cha betri pakoje?" Mwambie akutumie picha ya chumba hicho kikiwa wazi. Ukoko kidogo mweupe au wa kijani unasafishika: vaa glavu, kijiti cha pamba chenye siki, kisha kausha vizuri. Chuma kilicholika mpaka kimekatika, achana nayo. Betri ya zamani iliyomo usiitoboe, usiitupe kwenye shimo la taka mnalochoma moto, maana zebaki ikichomwa inakuwa mvuke na mvuke ndio unaoingia mapafuni. Iweke kwenye chupa yenye kifuniko cha kuzungusha, andika juu yake, weka juu kabisa. Uliza ofisi ya afya ya halmashauri namna ya kuikabidhi.

Pili, fungua mlango wa nyuma, bila mkanda ndani tafadhali, uangalie sponji nyeusi kwenye kingo. Baada ya miaka thelathini inakuwa kama lami. Ikiwa hivyo mwanga utaingia na picha zitaungua, kama ile ya dada yangu. Fundi viatu mwenye sponji nyembamba nyeusi na gundi anaweza kukusaidia, mimi alinisaidia wa sokoni. Angalia lenzi dhidi ya mwanga: nyuzinyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa unyevu wa Mbulu kuvu inanawiri.

Tatu, flashi. Zile kamera za plastiki za miaka ya 1980 na 1990 zenye flashi ndani, kwa mfano Yashica MF-2, zinatumia betri mbili za kawaida za AA, kama za rimoti. Kwa mama mwenye mtoto mdogo na asiyetaka kuhangaika, ningesema hizo ndizo za kuanzia, au Trip 35 isiyotaka betri kabisa. Trip unaijaribu hivi: ziba lenzi na kile kioo cha vinundu kwa kiganja, bonyeza. Ikiinua kibendera chekundu na kukataa kupiga, kipimamwanga kiko hai. Zile za miaka ya 1990 zinazojivuta zenyewe nyingi zinataka CR123A ya volti 3, na hiyo bei yake siyo rafiki. Ila zenye flashi, usimruhusu mtu azifungue kwa bisibisi. Ndani kuna kapasita inayotunza umeme wa mamia ya volti hata ukishatoa betri.

Kwa wenye Canonet na ndugu zake, njia ziko kadhaa. Kwa fundi saa utapata LR44, kwenye kadi nyingine imeandikwa AG13, ya alkalini, volti 1.5. Bei ndogo, lakini volti zinaanza juu na kushuka kadiri siku zinavyokwenda. Kipimamwanga kilichozoea 1.35 kikipewa 1.5 kinadhani jua ni kali kuliko lilivyo, picha zinatoka na giza. Nafuu yake: mkanda ukiwa wa 200, iambie kamera ni wa 100. Mkanda wa rangi unavumilia mwanga kuzidi kuliko kupungua, na ngozi zetu zitakushukuru. SR44 ya oksidi ya fedha ina volti 1.55 lakini haiyumbi. Wapo wanaouza kikombe chenye dayodi ndani kinachoishusha mpaka 1.35, agiza ukiweza.

Mimi natumia ya tatu. Ni betri namba 675 ya vifaa vya kusaidia usikivu, ya zinki na hewa. Unabandua karatasi, hewa inaingia, inatoa volti 1.4, karibu kabisa na ile ya zebaki. Ni nyembamba kuliko PX625, kwa hiyo niliizungushia pete ya mpira ya bomba isicheze. Itakufa baada ya mwezi au miwili hata usipopiga picha, kwa hiyo naibandua nikiwa na mkanda tayari. Nilinunua kwenye kliniki ya masikio nilipokwenda mjini kwa semina.

Na ukikosa vyote, Canonet inafyatua bila betri ukiiondoa kwenye otomatiki. Kipimamwanga tu ndicho kinalala. Jua la mchana wazi: weka 16 kwenye tundu la lenzi, na kwa mkanda wa 200 weka kasi ya 250. Mawingu mepesi, 8. Kivuli cha mti, 4. Uso wa mtu mweusi chini ya kofia, fungua hatua moja zaidi. Mjomba alipiga hivyo miaka mingi betri zilipokuwa hazipatikani, na picha ninayoning'iniza ukutani ni mojawapo. Electro 35 bila betri inabaki na kasi moja tu, ya 500.

Jambo la mwisho kwenye kununua: kabla hujatoa hela ya kamera, jua mkanda utausafishia wapi. Maduka mengi ya kusafisha picha yaligeuka kuwa ya kuchapa kutoka kwenye simu. Kodak yenyewe iliomba kinga ya mufilisi Januari 2012. Piga simu, uliza wanasafisha mkanda wa rangi, siyo kuchapa tu, na mkanda mpya unauzwaje. Ukishasafishwa, omba urudishiwe na negativu zako. Hizo ndizo mali. Zitunze nyumba tofauti na albamu. Ndugu zetu wa Katesh, tope la Hanang la tarehe 3 Desemba 2023 liliingia ndani ya nyumba, na kati ya waliobaki hai wapo wasio na hata picha moja ya waliowapoteza.

SEHEMU YA 6

Fupi tu, maana nina zamu ya usiku.

Mkanda wangu wa kwanza umefika picha ya 22. Kumi za mwanzo ni mwanangu na lile buti. Moja ni mama yangu amekaa mlangoni na mjukuu mwenye pua inayobishaniwa. Alikaa wima, hakutabasamu, akauliza kama mlango wa nyuma wa kamera umefungwa vizuri. Nikamwambia umefungwa. Akasema niubandike selotepu.

Nimebandika selotepu. Betri za akiba ziko ndani ya boksi la chuma juu ya kabati la vyombo, limefungwa na mpira. Zimebaki picha 14, na Jumapili kuna ubatizo.